Barua kwa Mhariri: Anayesema mipango yote ya kupambana na umaskini ilipotea bure aje asome daftari la mama yangu

Mhariri, mbukwenyi! Kwa wasomaji walioko mbali hiyo ndo salamu yetu Wagogo, naomba muipokee.

Mimi ni mama wa miaka 55, fundi cherehani hapa Dodoma mjini upande wa Majengo, gazeti lenu nalisoma mchana wateja wakipungua. Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji mmoja, sina ugomvi nae wala simjui, aliandika kwamba tangu Uhuru serikali inapigana na umaskini na umaskini bado upo palepale, kwamba vijiji vya ujamaa vilifeli, MKUKUTA, ule mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, haijulikani iliishia wapi, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inafundisha watu uvivu, na hata Marekani na hela zao zote walitangaza vita hiyo mwaka 1964 wakashindwa, sasa sisi ni nani. Akamalizia kwamba hizo hela bora zijenge barabara. Niliisoma nikaiweka chini, nikashona sketi mbili za shule, nikairudia tena. Nikaona siwezi kunyamaza, maana hayo mambo yeye kayaandika kama mtu anayeyaangalia kwenye dirisha la basi, mimi nimezaliwa ndani yake na mama yangu anaishi ndani yake mpaka leo.

Nianze na huko Marekani nimalizane nako. Kijana wangu ananisomea mambo kwenye simu, tukakaa jioni mbili tunatafuta. Huyo Rais Johnson kweli alitangaza vita dhidi ya umaskini Januari 1964. Kilichonigusa ni kwamba kabla ya siasa alikuwa mwalimu, mwaka 1928 alifundisha watoto maskini wa Kimexico kwenye mji mdogo unaitwa Cotulla kule Texas, watoto walikuwa wanakuja darasani na njaa, na alipokuwa rais bado alikuwa anawataja. Sasa hiyo vita yake ilizaa vitu vingi, kuna mpango wa watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza unaitwa Head Start, kuna kuponi za chakula, kuna bima ya wazee inaitwa Medicare na ya maskini inaitwa Medicaid. Mwaka 1964 kati ya Wamarekani 100, maskini walikuwa 19, kufika 1973 walikuwa 11. Kwa wazee ndo zaidi, mwaka 1959 wazee 35 katika kila 100 walikuwa maskini, katikati ya miaka ya 70 wamebaki 15 hivi. Na kitu ambacho sikuwahi kukisikia kabla, hospitali nyingi za kusini mwa Marekani zilikuwa zinabagua weusi, serikali ikasema hospitali inayobagua haipati hata senti ya Medicare, basi mwaka 1966 ndani ya miezi michache maelfu ya hospitali zikafungua milango. Hapo unaniambia walishindwa? Walipunguza kasi, ndio, vita ya Vietnam ilikula hela na akili za watu, na mwaka 1988 Rais Reagan akasema serikali ilipigana na umaskini na umaskini ukashinda, na hayo maneno yamesafiri mpaka yamefika kwenye barua ya ndugu yetu hapa Dodoma. Lakini wazee wao wanatibiwa na Medicare mpaka leo hii.

Na sisi tulitangaza mapema kuliko wao. Mwalimu Nyerere toka Uhuru 1961 alisema maadui ni ujinga, umaskini na maradhi. Nae alikuwa mwalimu kweli, alifundisha Pugu. Mimi naona sio bahati tu kwamba wote wawili walitoka darasani, mtu aliyesimama mbele ya watoto wenye njaa anajua kitu ambacho mwingine hawezi kukisoma kwenye ripoti.

Sasa tuje kwetu, na hapa naomba mnivumilie maana ni kurefu.

Mipango mikubwa huku kwetu haikuanza na Nyerere. Wazee wa Kongwa walituhadithia mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 walikuja wataalamu wakazunguka wiki 9 tu, sehemu nyingine wakiziangalia kutoka kwenye ndege, wakarudi kwao wakasema zifyekwe zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zake hapa Tanganyika, zilimwe karanga wapate mafuta ya kula huko Uingereza. 1947 wakaanza Kongwa. Matrekta yakavunjikia kwenye visiki vya mibuyu na vichaka, mvua ikagoma, na udongo wa Kongwa kiangazi unakuwa kama sakafu ya simenti, karanga zikakwama chini hazing'oki. Kufika 1951 wameufunga na hasara ya pauni zaidi ya milioni 36. Ule haukuwa mradi wa kumsaidia Mgogo na sitaki kuuchanganya na ya Mwalimu, nautaja kwa sababu moja, hakuna aliyekaa na wazee chini ya mti akawauliza mvua ya huku inanyeshaje. Anayelala na mgonjwa ndo anajua mihemo yake, na hao walikuja wakaangalia mgonjwa kutoka angani.

Mimi nilizaliwa mwaka 1970. Wakati huo huku kulikuwa na ukame, watu wana njaa, na Wagogo wakisikia njaa bibi zetu walikuwa wanakumbuka Mtunya, ile njaa ya baada ya vita ya kwanza ya dunia iliyoua watu hovyo na kutawanya familia. Ndo ikaja Operesheni Dodoma, mkoa mzima watu wahamie vijijini. Mwalimu mwenyewe alikuja kukaa Chamwino akafyatua matofali na wananchi, wazee waliomwona bado wapo. Mama anasema nilihama nikiwa mgongoni. Tulikuwa na tembe ya babu, ndefu, ile ya paa la udongo bapa, zizi katikati, na shamba linaanzia mlangoni. Tukahamia kwenye mstari, nyumba na nyumba kama madawati, shamba likabaki kulekule kwenye mahame, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Nataka huyo ndugu anielewe, siitetei yote. Mtu asiyejua Ugogo anaona watu wametawanyika ovyo anafikiri ni ushamba. Kumbe mvua ya huku ni ya vipande, inanyesha huku kilima hiki inaacha kile, kwahiyo wazee walikuwa wanalima vipande viwili vitatu sehemu tofauti, na ng'ombe wanagawa, wengine wanawaweka kwa mjomba huko mbali ili ukame ukipiga hapa kule wapone. Zizi likiwa karibu na shamba mbolea ipo. Ukiwakusanya wote sehemu moja umewaondolea hiyo akiba yao yote, kuni zinaisha, udongo wa karibu unachoka, na ukame ukija unawapiga wote kwa siku moja. Na mwaka 1973 ilipotangazwa nchi nzima kwamba kuishi vijijini ni amri, kufika 1976 mamilioni ya watu wamehamishwa, na 1974 na 1975 njaa ikaingia kweli tukala unga wa nje. Kulikuwa na ukame, lakini kuhamisha watu kwa haraka namna ile nako kulichangia. Shamba la pamoja la kijiji chetu baba alikuwa anaenda siku yake ya zamu, analima, anarudi, mavuno anasema hakuwahi kuyaona yakigawanywa yakafika debe moja kwa kaya. Likafa bila mtu kulitangazia kifo.

Basi kama ningeishia hapo ningekubaliana na barua yake. Lakini kijiji kilibaki. Na kwenye kijiji ikajengwa shule, ya tope kwanza, alafu ya tofali za kuchoma. Ikaja zahanati, maji bado. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa 1973, na 1977 ikawa kila mtoto aende shule, ndo mwaka niliingia mimi darasa la kwanza, mtoto wa kwanza wa kike kwenye ukoo wetu kukaa kwenye dawati, na ile tembe ya zamani kwenye mahame shule ya karibu ilikuwa hakuna kabisa. Na jioni kwenye darasa lilelile nililosomea asubuhi, mama yangu alikuwa anaingia na kibatari, kisomo cha watu wazima. Alikuwa na miaka karibu 30 na watoto watatu. Baba alikuwa anamtania kwamba anajifunza kuandika barua kwa nani. Mama anasema herufi iliyomsumbua ni "g", alikuwa anaichora kama ndoano. Lakini alijua. Nchi nzima wakati wa Uhuru wengi hawakujua kusoma, kufika miaka ya 80 watu wazima zaidi ya 80 katika 100 wanajua, dunia nzima ilikuwa inakuja kutuangalia tumefanyaje. Hicho kitu hakijawahi kuonekana kwenye hesabu za huyo ndugu.

Naomba niseme na ya maji, maana hiyo inaniuma. Miaka ya 90 hivi kijijini kwetu uliletwa mradi wa kisima, sitautaja ni wa nani. Wakachimba kirefu, wakaweka injini ya dizeli, tangi juu, vituo vinne. Siku ya uzinduzi ilichinjwa ng'ombe. Maji yalitoka, kweli, nadhani miaka miwili. Alafu ikaharibika kitu kidogo kwenye injini, kipuri hakipo Dodoma wala Dar, walioleta wameshaondoka, mfuko wa maji wa kijiji ulikuwa na hela ya kununua dizeli tu. Mpaka nimeolewa nikaja mjini lile tangi lipo juu pale limekauka, ndege wamejaza viota, na wanawake wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Hakuna mtu alituuliza kama kijiji kinaweza kulisha hiyo injini. Wangetuuliza wangekuta tunataka pampu ya mkono ambayo fundi wa baiskeli anaweza kuigusa. Mpaka leo ukitaja neno mradi mbele ya wazee wale wanaangalia pale juu.

Ndo maana mwaka 2010 walipokuja watu wa TASAF kijijini kuitisha mkutano, mama alinipigia simu akasema wamekuja wengine. Watu wengi hawajui kwamba ule mpango wa kuzipa kaya masikini hela mkononi ulijaribiwa kwanza Bagamoyo, Kibaha na hapa kwetu Chamwino, kabla ya kupelekwa nchi nzima kwa jina la Kunusuru Kaya Masikini kuanzia 2012, ambapo zilifika kaya zaidi ya milioni 1. Kijiji chetu kilikuwemo kwenye yale majaribio. Wananchi wenyewe ndo walitaja nani maskini, kwenye mkutano, mbele ya watu. Mama alitajwa. Alikuwa mjane wa miaka 62, analea wajukuu wawili wa marehemu kaka yangu, mkubwa miaka 7 na mdogo ananyonya kidole. Mimi nilikuwa natuma nilichopata lakini cherehani moja na watoto wanne wa kwangu mnajua wenyewe. Anasema kutajwa kuliuma, aliangalia chini, alafu jirani yake akamgusa bega.

Masharti yalikuwa mtoto aende shule siku asilimia 80, mdogo apelekwe kliniki, mzee nae akapimwe. Hela yenyewe kila miezi miwili, kwake ilikuwa elfu 30 na kitu. Siku ya kwanza ya malipo nilikuwepo, nilienda kumsindikiza. Meza iko chini ya mwembe wa shule, karani na daftari kubwa, mgambo mmoja, foleni ya wazee wamekaa chini. Watu wanaitwa, wanaweka dole gumba kwenye wino, wanabonyeza, wanapewa. Ilipofika zamu ya mama karani akamsogezea wino bila kumwangalia. Mama akasema mwanangu nipe kalamu. Akaandika jina lake lote, matatu, taratibu, ile "g" yake ya ndoano ipo. Karani akanyanyua macho. Mama akahesabu hela mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, tukaondoka, njiani hakusema kitu mpaka nyumbani.

Mhariri hapo ndo nataka huyo ndugu asimame kidogo. Kile kisomo cha kibatari miaka ya 70, kinaonekana 2010 kwenye meza ya TASAF. Lile sharti la mtoto kwenda shule linawezekana kwa sababu shule ipo hatua mia tatu kutoka kwa mama, na ipo kwa sababu ya kile kijiji tulichohamishiwa kwa shida. Kliniki vilevile. Ungempa mama hiyo hela 1970 kule kwenye tembe ukamwambia mtoto aende kliniki, angeenda wapi? Mpango mmoja umekaa juu ya mgongo wa mwingine, hata ule tunaosema ulifeli. Ukipima kila mmoja peke yake, ukauliza je umaskini uliisha, jibu ni hapana kila mara na utafuta wote.

Alifanyia nini hela? Mama ana daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nilimpelekea mimi, na kila alichopokea na alichotoa kaandika. Malipo ya kwanza: mtama debe 2, sabuni, viatu jozi 2. Wale wajukuu hawakuwahi kuvaa viatu, yule mdogo alilala navyo. Malipo ya pili hakugusa mpaka ya tatu yakafika, akajumlisha akanunua mbuzi jike, mwekundu mwenye kidoa cheupe shingoni. Akaandika "mbuzi jike 1" akapiga mstari chini yake mara mbili. Alafu akalipia CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Baadae nimekuja kujua watafiti waliofuatilia vile vijiji vya majaribio walikuta jambo lilelile, kaya zilizopewa hela zilinunua mifugo hasa mbuzi na kuku, zilijiunga zaidi na bima, na watoto wakapata viatu. Mama hakuambiwa na mtu nunua mbuzi. Hakuna semina. Yeye anajua mbuzi anakula majani makavu ya Oktoba wakati ng'ombe anadondoka, anajua mbuzi anauzika siku yoyote mtoto akiugua usiku. Huyo ni mtu wa kufundishwa kutumia hela? Na wanaosema uvivu, mwanamke wa miaka 62 anayelima ekari mbili za uwele kwa jembe la mkono anakuwaje mvivu kwa elfu 15 kwa mwezi.

Mbuzi walifika 11. Kuna mwaka mvua ilikata mwezi wa pili akauza 5 kwa mpigo kununua chakula, imeandikwa, "mbuzi 5 njaa". Wakati ule majirani wengine ambao hawakuwa na kitu cha kuuza walienda kufanya kibarua mashamba ya watu wakaacha ya kwao, na ukiacha shamba lako mwaka huu mwaka kesho una njaa tena, ndo umaskini wa huku unavyojizungusha. Mama hakuenda kibarua. Kwa mimi hiyo ndo maana ya neno kunusuru.

Sisemi kila kitu kilienda sawa. Kuna vijiji watu waliandikwa kwa undugu na wengine kutajwa kaya hewa, magazeti mliyaandika wenyewe na wengine wakaondolewa baada ya uhakiki. Yale mabilioni ya mikopo ya wakati wa Kikwete, bilioni 1 kila mkoa, mimi nilijaza fomu hapa mjini nikazungushwa mwezi mzima, waliopata niliokuwa nawafahamu walikuwa na maduka tayari. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na walemavu ilibidi isimamishwe 2023 ipangwe upya maana vikundi vingine havikuwepo kabisa. Na takwimu nazijua, watu walio chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007 wakashuka 28.2 mwaka 2012 na 26.4 mwaka 2018, imeshuka, lakini kwa kuwa tunazaliana idadi ya maskini wenyewe kati ya 2012 na 2018 iliongezeka kutoka kama milioni 12 kwenda milioni 14. Kwahiyo akisema umaskini upo anasema kweli. Anapokosea ni pale anaposema hakuna kilichofanyika.

Jambo lililonifanya nishike kalamu hasa ni hili la kuhitimu. Sa hivi kuna kaya zinaondolewa kwenye mpango zikisemwa zimeimarika, na kwenye barua yake ndugu anataka ziondolewe zote. Mimi sipingi mtu kuhitimu, mama mwenyewe aliposikia hilo neno alifurahi anasema hata mimi nina shule yangu. Nachoomba ni namna ya kupima. Msipime kwa bati. Mtu anaweza kuwa na bati 20 alizonunua kwa mbuzi 4, mwaka ule ule mvua ikakata na hana mbuzi wala chakula, bati haliliki. Huku kwetu mvua ni mara moja kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, mwaka mmoja mzuri haukuambii kitu kuhusu unaofuata. Pimeni kwa miaka mitatu minne, muulize kaya ilifanyaje mwaka wa ukame, iliuza nini, ilirudisha baada ya muda gani. Na orodha ya wanaobaki na wanaotoka ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, isomwe kwenye mkutano mkuu kama ilivyosomwa siku ya kuwataja, maana waliwataja wananchi basi wananchi hao hao waseme nani amesimama. Wapo wanaojua zaidi ya fomu yoyote, jirani anajua jiko la nani haliwashwi jioni.

Na hii mipya inayokuja, kama yale mashamba makubwa ya BBT, mpango wa serikali wa kilimo cha vijana, pale Chinangali na Membe, wilaya yetu hiyohiyo, mimi naitakia mema kwa moyo wote, vijana wanahitaji ardhi na maji na nimefurahi serikali imeweka hela. Naomba tu mtu aende akaangalie lile tangi letu kabla ya kununua pampu. Aulize kipuri kitapatikana wapi mwaka wa tano. Akae na wazee wa Kongwa.

Yule mjukuu mkubwa aliyekuwa na miaka 7, alimaliza darasa la saba 2016, na kwa kuwa ada ya sekondari ilikuwa imefutwa mwaka uleule aliingia kidato cha kwanza 2017 bila mama kuuza mbuzi hata mmoja. Leo ni fundi ujenzi, anapandisha matofali Mtumba kwenye mji wa serikali, kwenye majengo ya wizara hizohizo zinazopanga haya mambo. Mdogo yupo kidato cha nne. Mama ana miaka 77, macho yamepungua, bado analima kipande cha karibu na nyumba, mbuzi wapo 7.

Kwahiyo mhariri naomba umfikishie ndugu yule mwaliko wangu. Jumamosi hii naenda Chamwino, daladala ni za asubuhi, nauli yake nitalipa mimi. Mama atampikia ugali wa uwele na mlenda. Alafu amwombe lile daftari alisome mwenyewe toka ukurasa wa kwanza, mama hatakataa, anapenda kulionyesha. Limebaki kurasa 4, nimeshamnunulia jipya, lipo hapa mezani chini ya kitambaa cha mteja, na kalamu mbili za bluu maana nyeusi anasema haoni vizuri.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani, Majengo, Dodoma